Mashine Isiyo na Jagi na Mkono wa Mama Neema

Nyie mnaoanza kazi ya jiko la ofisi, na mjukuu wangu Rehema akiwa mmoja wenu, malalamiko yenu nimeyasikia. Eti kazi imekuwa nyepesi mpaka inachosha. Eti mtu anakuja na kikombe chake, anakisukuma kwenye mashine, kahawa inashuka, anaondoka bila hata kuwatazama, nanyi mmebaki kufuta meza na kuchezea simu. Sawa. Mie Bi Tatu nimepika chai na kahawa za ofisi pale Kinondoni mpaka vidole vikaacha kusikia moto, na hiyo mashine mnayoidharau naijua kuliko nyie. Siku ilipoingia kwetu niliapa kuirudisha dukani kwa mdomo wangu huu huu. Ningefanikiwa, mwenzangu wa jikoni angekosa kazi, na mie ningekuwa nimeshangilia bila kujua ninachoshangilia.

Huyo mwenzangu ni Mama Neema, mtu wa Bukoba, na kwao kahawa hawasubiri mpaka isagwe. Wanaitafuna. Mkoba wake haukosi kifurushi cha buni zilizochemshwa zikakaushwa, na akiwa anasubiri maji yachemke utamsikia, ka, ka, ka, kama panya kwenye gunia la mahindi. Siku ya kwanza alinipa mbili kwa ukarimu, nikazitia mdomoni nisionekane mshamba, jino likaniuma mpaka jioni. Mie ni mtoto wa Temeke. Kwetu kahawa inatoka kwenye dele lililokaa juu ya mkaa, chungu hasa, inamiminwa kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono, na unashushia kashata. Sasa fikiria watu wawili wa namna hiyo wamefungiwa jiko moja, wanawapikia watu wa ofisi kahawa nyepesi ya kichujio ambayo wote wawili tunaiona maji ya kuoshea dele. Tulielewana haraka, maana tulikuwa na kitu kimoja cha kusema vibaya.

Jikoni kwetu kulikuwa na desturi. Asubuhi, kabla trei haijapanda ghorofani, yeye ananimiminia mie kikombe changu, na mie namimina chake. Mhudumu hajimiminii. Niliikuta desturi hiyo kwa mama mmoja aliyenifundisha kazi, Mungu amrehemu, na hakuwahi kunieleza sababu. Nilipomuuliza alinipa sufuria nisugue. Mpaka leo sina sababu ya kuwapa nyie, ila najua siku ambayo sikumiminiwa nilikuwa mkali mpaka saa ya chakula cha mchana.

Halafu Mama Neema akaenda likizo, na aliporudi akawa mtu mwingine. Asubuhi ya kwanza nikammiminia chake, nikasukuma kikombe changu mbele yake, nikasubiri. Akasema, "Jimiminie tu leo, Bi Tatu, nina haraka." Haraka gani, na ofisi haijafunguliwa? Nikajimiminia. Kesho yake tena, jimiminie tu. Keshokutwa hivyo hivyo, na huku amevaa sweta la mikono mirefu kwenye joto la Dar es Salaam, amenyooka, hanitazami. Nikajua kilichotokea. Mwanawe Neema alikuwa mwaka wa mwisho chuo cha uuguzi, basi mama anakaribia kuwa mama wa nesi, kichwa kimevimba, hawezi tena kumhudumia mtu wa jikoni mwenzake. Nikamchunia. Msinitazame hivyo. Mtu akikubadilikia bila maelezo, maelezo unayatunga mwenyewe, na mie natunga vizuri.

Kisha akaanza kuvunja vitu. Wakati ule tulikuwa na mashine ya zamani, ile yenye jagi la kioo linalokaa juu ya sahani ya moto. Likijaa ni zito, mkono wake ni wa plastiki, unaukamata kwa ngumi moja na uzito wote unaning'inia kwenye kifundo chako. Mama Neema akalivunja moja kwenye sinki. Likaletwa jingine, akalivunja mlangoni, kahawa ikaruka mpaka kwenye ukuta uliokuwa umepakwa rangi mpya. Meneja wetu, Dada Lulu, ni mtoto mpole wa kukaa naye, anatuamkia shikamoo kila asubuhi hata akiwa amechelewa. Lakini upole wake haumaanishi hasemi. Akashuka jikoni, akasema, "Mama Neema, nakuheshimu sana. Ila jagi jingine likivunjika mikononi mwako, mkataba wako ukiisha sitakuombea mwingine." Mama Neema akaitikia, "Nimeelewa, mwanangu." Mie nilikuwa nakausha vijiko. Nilimwonea huruma, ila huruma ya mtu aliyenuna ni ndogo, inaingia kwenye kijiko.

Kilichokuja kuniudhi kabisa ni siku ya Mzee Kondo. Huyu alikuwa mwenyekiti wa bodi, Mswahili wa pwani wa kanzu na kofia, mtu wa taratibu zake. Mama Neema akaingia kikaoni, akamnyooshea kikombe kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto, mbele ya watu wote. Mzee hakugomba. Alikitazama kile kikombe, akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hiki kikombe hakina mkono mwingine wa kukileta?" Chumba kizima kikatazama makaratasi. Mama Neema akakiweka mezani, akatoka, na mzee hakukigusa mpaka kikao kikaisha. Aliporudi jikoni nikamwambia, "Sasa dharau umezipandisha ghorofani." Akafungua mfuko wake wa buni, akatafuna.

Baada ya hapo ndipo Dada Lulu alipoleta mashine mpya. Alikubaliana na duka kwamba tutaitumia kwa majaribio mpaka Ijumaa, watu wasipoipenda inarudi. Godi wa stoo akaipandisha mabegani, akaifungua, tukakaa tukaitazama. Ilikuwa nyeusi, imesimama wima, na chini, pale panapotakiwa pawe na jagi, palikuwa patupu.

"Jagi liko wapi?" nikauliza.

Godi akageuza boksi, akalitikisa. Yakadondoka maboya meupe ya kuzuia mashine isiumie. Akaingiza kichwa ndani ya boksi, akatoka na maboya kwenye nywele. "Wamelisahau dukani," akasema, na akawa ameshashika ufunguo wa gari kwenda kugombana na watu wa duka. Mie, kwa ujuzi wangu mkubwa, nikasema asihangaike, nikachukua sufuria ya uji nikaitega chini. Tukaweka maji, tukaweka kahawa, tukawasha. Mashine ikanguruma, ikapumua, mvuke ukatoka juu, harufu ikajaa jiko, na kwenye sufuria halikudondoka hata tone. Godi akasema imekunywa yenyewe.

Sasa Rehema na wenzako, sikilizeni, maana najua mnabonyeza tu bila kujua mnabonyeza nini. Nyuma ya mashine kuna tangi la maji baridi. Maji yanashuka kwenye bomba jembamba linalopita kwenye kipasha moto, yakichemka mvuke wake wenyewe unayasukuma kwenda juu, yanamwagika kidogo kidogo juu ya kichujio chenye unga wa kahawa. Mpaka hapo ni sawa na mashine yoyote ya matone, hata ile ya jagi. Tofauti iko kahawa inakodondokea. Hii haina haja ya jagi la nje kwa sababu ina tangi la pili humo humo ndani, limefungwa vizuri, linahifadhi moto. Chini ya tangi hilo kuna koki, na mbele ya koki kuna ulimi wa plastiki. Ukiusukuma ule ulimi kwa ubavu wa kikombe, koki inafunguka, kahawa inashuka. Ukivuta kikombe, koki inajifunga. Ndiyo maana sufuria yangu ilibaki kavu. Hakuna aliyeugusa ule ulimi mpaka Godi alipouegemea kwa bahati mbaya akifuta meza, akaoga kahawa kiwiko kizima. Tukaelewa.

Na faida zake nitawaambia kabisa, ingawa siku ile nisingezitamka hata kwa kulazimishwa. Hakuna kioo cha kuvunjika. Hakuna kitu kizito cha kuinua. Kahawa haikai juu ya sahani ya moto ikaungua mpaka inanuka tairi, kama ile ya zamani ilivyokuwaga ikifika saa nne. Umeme ukikatika, iliyomo tangini haipoi mara moja. Anayetaka kikombe kimoja anachukua kimoja, na wa mwisho anakuta ya moto kama wa kwanza. Kasoro zake pia zipo. Huwezi kuibeba ukampelekea mgeni mezani, na tangi la ndani usipoliosha kila jioni, kesho yake kahawa inanuka kahawa ya jana. Na msitie maji ya kisima ya chumvi. Najua nyumba nyingi Dar ndiyo maji yaliyopo. Lakini chumvi ile inaganda kwenye lile bomba jembamba kama ukoko, na siku moja mashine inanguruma bila kutoa kitu, mnaanza kusema imerogwa.

Basi mie sikuitaka. Nilijua maana yake. Kila mtu atajihudumia, wahudumu wawili watakuwa wengi mno, na trei yangu itatundikwa ukutani. Na pale ofisini, nikisema kitu kibaya, kibaya hicho kinafika uhasibu kabla sijamaliza kukisema. Siku hiyo hiyo nikapanda ghorofani na maneno yangu. Eti mashine ina harufu ya plastiki. Eti watu wazima na elimu zao mnapanga foleni kukamua mashine kama mnakamua mbuzi. Wakacheka, wengine wakaanza kusema kweli bwana, bora kuletewa. Nikashuka ngazi nimeridhika. Ijumaa inarudi.

Kesho yake nikawahi kazini. Nilidhani niko peke yangu, nikasikia sauti jikoni. Mtu anaongea taratibu, ananyamaza, anarudia yale yale. Nikasimama nje ya mlango nikapiga chabo, maana mie si malaika.

Alikuwa Mama Neema. Amevua sweta. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimepinda, kimevimba upande mmoja, mkono umekonda. Ameshika kikombe changu mie, kile cha maua mekundu, kwa mkono huo huo wa kulia. Akakisukuma kwenye ulimi wa mashine, kahawa ikashuka kidogo, akakivuta. Akageuka polepole, mkono wa kushoto ukiwa umeushikilia ule wa kulia chini ya kiwiko, kama watu wa bara wanavyompa mtu kitu kwa heshima. Akakielekeza kwenye kigoda changu kitupu, akasema, "Karibu kahawa, Bi Tatu." Kikombe kikatikisika. Akamwaga ile kahawa sinkini, akaanza upya. "Karibu kahawa, Bi Tatu."

Wanangu, niliishiwa pozi. Nilisimama pale na mkoba wangu na maneno yangu yote ya jana. Nikaingia.

Akashtuka, akataka kuvaa sweta. Nikamwambia, "Acha. Nini hicho?"

"Bodaboda," akasema. "Kwangu kule Bunju, mvua ilikuwa imenyesha, tukateleza. Nikafungwa plasta. Nikaitoa kabla ya siku zake ili nirudi kazini bila mtu kujua, mfupa ukaunga vibaya. Kikombe naweza. Jagi siwezi, chupa ya chai siwezi. Mkono unaachia wenyewe."

"Na kwa Mzee Kondo?"

"Siku ile uliuma hata kikombe sikuweza. Nikatoa ule uliokuwa unafanya kazi." Akaniita kwa heshima ya kwao Bukoba. "Waitu, Bi Tatu, mie nimelelewa. Unadhani sijui mkono wa kumpa mzee?"

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Mwenzangu akanitazama kwa mara ya kwanza tangu likizo. "Ningekwambia, ungenibebea kazi zangu wiki nzima bila neno. Wiki ya pili ungeanza kuniimbia kwa watu kwamba nakutegea. Na ukiimba wewe, Dada Lulu anasikia. Neema amebakiza muda mfupi tu amalize chuo, Bi Tatu. Nikiachishwa sasa hivi atarudi nyumbani."

Nilitaka kukataa, lakini alikuwa anasema kweli, ningemwimbia. Nikavuta kigoda, nikakaa. "Haya," nikasema. "Mimina tena. Na safari hii usimwage, mie sijanywa kitu tangu alfajiri." Akamimina, akanipa, kikombe kikatikisika, kikafika. Ilikuwa chungu kwa sababu kahawa alikuwa ameizidisha. Niliinywa yote.

Kuanzia dakika ile nikawa wakala wa mashine. Nilipanda ghorofani na maneno mapya, na watu wa uhasibu wakanitazama kama mtu aliyehamia timu pinzani katikati ya mchezo. "Jana si ulisema ina harufu ya plastiki?" Nikawaambia jana nilikuwa na mafua. Nikawafundisha mmoja mmoja namna ya kukamata kikombe, kukisimamisha wima, kusukuma kwa ubavu na siyo kwa mdomo, na kuvuta mapema, maana ile koki ina tone la mwisho lenye roho mbaya, linakusubiri ugeuke. Nikawafundisha kuacha nafasi ya vidole viwili juu. Wakaanza kuipenda. Mhasibu mkuu, aliyekuwaga haamki kwenye kiti chake mpaka saa ya kwenda nyumbani, akawa anashuka mwenyewe, anasema anapata mazoezi.

Halafu Godi akataka kutuua. Godi ni mtu wa chai ya maziwa, kahawa haimpandi. Jumatano mchana jiko likiwa tupu akafikiri, kwa akili zake, kwamba mashine inayopika kahawa haiwezi kushindwa na chai. Akajaza maziwa kwenye tangi la nyuma, akatia tangawizi aliyoiponda mwenyewe, akatia sukari, akaweka majani kwenye kichujio, akawasha, akaenda kukaa. Tuliporudi mashine ilikuwa inatapika povu, maziwa yameungulia kwenye bomba, na harufu imeshafika ngazini.

Dada Lulu akashuka akinusa. "Nini kinaungua?"

"Godi," nikasema.

Akaitazama mashine, akatutazama sie. Mama Neema alikuwa ameegemea ukuta, uso umemshuka, na mie nilijua anachokiona: mashine inarudi, jagi linakuja, jagi linadondoka. Dada Lulu akasema kama ndivyo ilivyo, Ijumaa ni kikao cha bodi, hataki aibu, tutarudia mashine ya zamani na ataagiza jagi jingine. Nikamwambia, "Mwanangu, tupe mpaka kesho jioni." Akanitazama, maana si kawaida yangu kuomba. Akakubali.

Basi tukafanya kazi. Jifunzeni na hili. Maziwa yakiungulia ndani, usichokoe na waya, utatoboa. Unaweka maji na siki, unawasha, yanapita yote mpaka tangi la ndani, unayatoa kwenye koki, unamwaga, unarudia. Siki ikimaliza kazi unaweka maji na ndimu, kisha maji matupu, matupu, matupu. Mama Neema alikuwa anajaza kwa kibuyu kidogo mkono wa kushoto, mie namwaga, na Godi tukampa adhabu ya kuonja. Kila duru anapewa kikombe, anaulizwa kuna nini humo. "Achari," anasema. Duru nyingine. "Achari ya jana." Duru nyingine. "Tangawizi ipo, lakini inaondoka." Mpaka Alhamisi jioni akanywa, akafumba macho, akasema, "Kahawa. Mbaya, lakini kahawa." Mama Neema akacheka mpaka akajishika mbavu. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu likizo.

Usiku ule nikamwambia aende kwa Dada Lulu aseme mkono wake. Akakataa. Akasema kwanza ampe Mzee Kondo kikombe. Nikamwambia ni ubishi wa Kihaya huo. Akasema ndiyo, ni huo huo.

Ijumaa tukaihamishia mashine kwenye chumba cha kikao, karibu na soketi. Dada Lulu akauliza nani atahudumia. Nikasema Mama Neema. Akakunja uso kidogo, nadhani alikuwa anakumbuka kile kikao kingine. Nikamwambia mie miguu inaniuma. Haikuwa inaniuma.

Nilisimama mlangoni na trei tupu kifuani. Mzee Kondo alikaa kwenye nafasi yake, ameweka kofia sawa, anasubiri. Mama Neema akachukua kikombe kwa mkono wa kulia. Akakisukuma kwenye ulimi. Kahawa ikashuka bila sauti. Akavuta mapema, akalisubiri lile tone, likadondoka ndani. Akageuka, mkono wa kushoto chini ya kiwiko, akaanza kutembea, na kutoka pale mashine ilipo mpaka kwenye kiti cha mzee palikuwa mbali kuliko nilivyowahi kupaona. Kikombe kilitikisika mara moja. Mie nikaikumbatia trei.

"Karibu kahawa, mzee wangu."

Mzee Kondo akautazama mkono. Safari hii aliutazama vizuri, akakiona kile kifundo, na uso wake ukabadilika. Akanyanyuka kidogo kwenye kiti, akapokea kwa mikono yote miwili. "Ahsante sana, mwanangu," akasema. "Na ile siku, unisamehe." Akakaa, akanywa.

Alipomaliza akataka kujua hiyo kahawa inatoka wapi, maana jagi halioni. Akanyanyuka mwenyewe na kanzu yake nyeupe, akakisukuma kikombe, ikashuka, akaachia, akasukuma tena kama mtoto aliyeonyeshwa bomba la maji, na lile tone la roho mbaya likampata kwenye kanzu. Mzee akajitazama, akasema, "Hii ibaki hapa hapa ofisini." Ikabaki.

Mama Neema akaenda kwa Dada Lulu jioni ile ile, akamweleza mwenyewe. Alipelekwa hospitali, wakaurekebisha ule mfupa kiasi cha kurekebishika, na mkataba wake ulipoisha akapewa mwingine. Neema akamaliza chuo. Siku hizi yuko kituo cha afya huko Kimbiji, ananilazimisha kupima presha kila akiniona, hata tukiwa harusini. Trei yangu haikutundikwa ukutani. Kikao kikiwepo, mtu wa kubeba vikombe anatakiwa bado, na mashine haijajifunza kupanda ngazi.

Sasa Rehema, nyie wajukuu mlininunulia mashine ya namna hiyo hiyo nilipostaafu. Nilijifanya kuwagombeza, eti mie ni mtu wa dele. Ukweli ni kwamba dele siliwezi tena. Vidole vimekakamaa, na mkono wangu wa kulia una mtetemo wake. Kazini kesho, kabla hujaegesha kikombe chako, mtazame mwenzako wa jikoni anashika vipi chake. Ukimwona amevaa sweta kwenye joto, usinune. Muulize.

Majuzi Mama Neema alikuja kunitembelea Temeke, ametoka Bunju kote huko na kifurushi chake cha buni. Nikamwambia akae. Akataka kunisaidia, nikamwambia akae chini, hapa ni kwangu. Nikachukua kikombe kwa mkono wa kulia, nikakisukuma, mkono ukaanza mambo yake, nikavuta mapema kabla sijamwaga. Nikakishika kiwiko kwa mkono wa kushoto, kama nilivyoona kwake, nikaenda polepole mpaka kwenye kiti chake.

"Karibu kahawa, Mama Neema."

Akapokea kwa mikono yote miwili, akachungulia ndani. "Bi Tatu, umenipa nusu."

"Nusu nyingine iko tangini, ya moto vile vile," nikamwambia. "Maliza hiyo, nitarudi kukumiminia."

Akanywa taratibu. Alipomaliza hakunyanyuka kwenda kwenye mashine, ingawa ilikuwa karibu naye kuliko mie. Aliweka kikombe mezani, akakisukuma mbele yangu, akasubiri.